Vitufe vya usukani na ugonjwa wetu wa kubahatisha



Leo naomba siasa ipumzike kidogo. Najua kuna waliozoea kupita hapa kuona nimesema nini kuhusu waheshimiwa wetu, lakini leo nina habari ya vitufe. Ndiyo, vile vitufe vidogo vilivyopo kwenye usukani wa gari, vya kuongezea sauti ya redio na kubadilisha stesheni. Mtu atasema huyu kijana sasa amekosa cha kuandika. Subirini kwanza. Mkishamaliza kusoma mtaniambia kama ni jambo dogo.

Mama yangu mdogo ni muuguzi hapa Dar es Salaam. Ana gari dogo la Kijapani, mtumba kama magari yetu mengi. Lilitoka bandarini likiwa na redio inayoongea Kijapani, na kama mjuavyo, redio hizo hazifai sana huku kwetu. Wajapani kwa miaka mingi walitumia masafa ya FM ya 76 hadi 90 MHz, wakaja kuongeza hadi 95 mwaka 2014. Sisi stesheni zetu zinaishia 108. Kwa hiyo unawasha redio unapata stesheni mbili tatu na mikwaruzo. Mama mdogo akafanya wanavyofanya wengi, akafunga redio mpya ya skrini ya Android. Fundi akaunganisha vitufe vya usukani, akaviingiza kwenye redio kimoja kimoja, vikafanya kazi vizuri kabisa. Mwaka mzima hakuna tatizo.

Mwaka jana gari likaanza kugonga mbele. Likapelekwa gereji, wakabadilisha reki ya usukani. Likarudi halina kelele, tukashukuru Mungu.

Kama miezi miwili baadaye vitufe vikaanza vituko. Barabara ikiwa imenyooka vinafanya kazi. Ukikata kona vinagoma. Baadaye vikafa kabisa. Halafu honi nayo ikaanza kuchagua siku ya kulia. Mwisho ikawaka taa nyekundu kwenye dashibodi, ile yenye picha ya mtu amekaa na duara mbele ya kifua chake. Mama mdogo akasema, "Mwanangu, hebu nisaidie na hili gari, mimi nina zamu za usiku."

Nikawa nimeingia kwenye safari ya mafundi.

Fundi wa kwanza hakushika hata bisibisi. Alibonyeza vitufe mara mbili, akasikiliza kimya, akasema redio imekufa upande wa usukani, nunua nyingine. Tukanunua, shilingi 180,000. Akaifunga. Vitufe kimya vilevile. Akasema, "Basi itakuwa usukani wenyewe." Hela ya redio imeshakwenda.

Fundi wa pili akaamua ni nyaya. Akafungua chini ya usukani, akachuna nyaya, akaunga, akazungushia tepu nyeusi hadi pakaonekana kama kichaka. Vitufe kimya. Alipoona nimeanza kununa akatupa zawadi. "Bosi, hiyo taa nyekundu nitakuzimia bure. Nachomoa balbu tu, haikusumbui tena."

Ndugu zangu, naomba nikiri. Sikumzuia kwa sababu nina akili nyingi. Nilikuwa naangalia saa, nina habari ya kupeleka chumbani kabla ya saa kumi. Nilitaka kusema sawa, zima. Kilichonizuia ni mama mdogo mwenyewe, aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma amechoka na zamu. Aliuliza swali moja tu: "Hiyo taa inasema nini?"

Fundi akacheka. Mimi nikanyamaza, maana sikujua.

Fundi wa tatu tulielekezwa na jirani. Mzee mmoja fundi umeme wa magari, anafanya kazi chini ya mwembe, hana hata bango. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, halafu akafanya jambo ambalo wale wawili hawakulifanya. Aliuliza maswali. Vilianza lini? Vilianza vyote pamoja au kimoja kimoja? Gari likikata kona inakuwaje? Honi inalia? Na kabla ya vitufe kuanza kusumbua, gari lilifunguliwa wapi?

Nilipomtajia reki ya usukani akatikisa kichwa taratibu. Nadhani jibu alikuwa nalo pale pale. Lakini hata hapo hakulisema. Akasema, "Tupime."

Hapa naomba niwaeleze kidogo, maana nilijifunza na ni vizuri tugawane.

Vitufe vya usukani kwenye magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 ni kitu rahisi sana. Havina kompyuta ndani. Redio inapeleka umeme mdogo kwenye waya, na kila kitufe kina ukinzani wake. Kwa Toyota nyingi, kitufe cha stesheni mbele ni karibu ohm sifuri, cha stesheni nyuma ni kama ohm 330, cha kuongeza sauti ni kama 1,000, cha kupunguza ni kama 3,100. Redio inasoma tofauti hizo na kujua umebonyeza kipi. Ndiyo maana mguso ukiingia uchafu au kutu, namba inabadilika, na unabonyeza sauti lakini inabadilika stesheni. (Magari mapya zaidi vitufe vyake vinazungumza na kompyuta ya gari kwa lugha ya kidijitali, na hapo lazima uwe na mashine ya kusomea.)

Sasa jiulize. Usukani unazunguka, gari halizunguki. Umeme unapitaje? Nyuma ya usukani kuna kisanduku cha duara, chembamba, ndani yake kuna utepe wa nyaya umejiviringa kama utepe wa kaseti. Ukikata upande mmoja unajifungua, ukikata upande mwingine unajikaza. Dukani ukisema spairo kebo watakuelewa. Utepe huo una kipimo chake. Kwa Toyota nyingi ni kama mizunguko miwili na nusu kila upande kutoka katikati, basi. Ukiuvuta zaidi unachanika.

Na katika utepe huo hazipiti nyaya za redio peke yake. Zinapita za honi. Na zinapita za eabegi ya dereva.

Mzee akaanza na kilicho rahisi. Alichukua waya wa vitufe nyuma ya redio, akaweka redio kwenye ukurasa wa kuingiza vitufe, akaugusisha waya kwenye bodi ya gari. Redio ikaitika. Maana yake redio ni nzima, na ile ya kwanza bila shaka ilikuwa nzima pia. Shilingi 180,000 zetu zimekwenda na maji, kwa kukosa kipimo cha dakika tano.

Kisha akachomoa betri upande wa hasi, akaniambia tukae. Nikauliza kwa nini. Akasema eabegi ina akiba ya umeme, na vitabu vya Toyota vinataka usubiri angalau sekunde 90. Yeye alisubiri hadi akamaliza chai yake. Ndipo akafungua eabegi, akailaza kwenye kiti cha nyuma uso ukiangalia juu, ili ikitokea bahati mbaya isiruke. Akanionyesha plagi yake ya njano. "Hii usiitie mita hata siku moja. Mita ina betri. Unaweza kuilipua usoni kwako." Wale mafundi wawili wa mwanzo, nakumbuka, hakuna aliyegusa betri.

Akapima vitufe kwenye plagi yake, kimoja baada ya kingine. Kila kimoja kikatoa namba yake. Vitufe vizima. Akaitoa ile spairo kebo, akapima utepe mwanzo hadi mwisho. Njia za vitufe zimekatika. Njia ya honi inakuja na kupotea ukiizungusha. Njia ya eabegi imekatika.

Naomba mrudie kusoma sentensi hiyo ya mwisho.

Kilichotokea ni hiki. Siku ya kubadilisha reki, waliachanisha mhimili wa usukani na reki, na usukani ukaachwa huru. Mtu akauzungusha, labda hata bila kufikiri, labda kijana wa spana alikuwa anaingia garini. Uliporudishwa, tairi zilikuwa zimenyooka lakini utepe ndani haukuwa katikati tena. Kila mama mdogo alipokata kona hadi mwisho upande mmoja, utepe ulikuwa unavutwa. Ukaanza kuchanika kidogo kidogo. Tiba ya jambo hilo ingekuwa kupitisha mkanda wa kiti kwenye usukani na kuufunga usizunguke wakati wa kazi. Haigharimu hata shilingi moja.

Kwa hiyo kwa miezi kadhaa mama mdogo alikuwa anaendesha alfajiri akitoka zamu, amechoka, pengine na wadogo zangu wawili anawapeleka shule, akiwa na eabegi ya dereva ambayo isingefunguka. Gari lilijaribu kumwambia. Lilianza na vitufe, likaja na honi, mwisho likawasha taa. Sisi tukajibu kwa kununua redio. Na tulibakiza dakika moja tu kulifunga mdomo kabisa kwa kuchomoa balbu. Kwenye kioo cha mbele, stika ya nenda kwa usalama ipo pale pale inang'aa.

Sasa nije kwenye hoja yangu.

Sisi tuna ugonjwa wa kubahatisha. Tunabadilisha vitu badala ya kutafuta tatizo. Na wa kwanza kulaumiwa si fundi, ni sisi wenye magari. Fundi akikuambia "spea 180,000 na kufunga 20,000" unalipa, kwa sababu kuna kitu umekiona kwa macho, kipo kwenye boksi. Fundi akikuambia "nipe 20,000 nipime nijue tatizo" unakasirika. Unasema anakuibia, hajafanya kitu. Mwenyewe nilimuuliza yule mzee, mbona unatoza kupima hata kabla hujatengeneza? Alinijibu bila hasira: "Kijana, wewe unalipia mikono yangu, hulipii kichwa changu. Basi mafundi wengi wamejifunza kufanya kazi bila kichwa."

Tunalipia spea, hatulipii akili. Halafu tunashangaa mji umejaa spea na hauna majibu.

Watu watasema sasa hivi mambo yamebadilika, kila gereji ina mashine ya kompyuta, unachomeka inakuambia ugonjwa. Hapana jamani. Mashine inakuambia ni njia ipi ina tatizo, haikuambii ni kifaa gani. Hata ya mama mdogo ingesema sakiti ya eabegi ya dereva imekatika. Lakini imekatika wapi? Inaweza kuwa plagi haijakaa, inaweza kuwa utepe, inaweza kuwa eabegi yenyewe. Mwenye kubahatisha atakwambia nunua eabegi. Mashine bila kufikiri ni kubahatisha kwa bei ya juu.

Mama mdogo ndiye aliyenifungua macho zaidi. Jioni tulipokuwa tunarudi alisema hospitali nao walikuwa hivyohivyo. Zamani mtu akija na homa, moja kwa moja dawa ya malaria. Hakuna kupima. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba kila anayedhaniwa ana malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa, na vile vipimo vidogo vya haraka vikaenea hadi zahanati za vijijini. Wagonjwa wengine walikuwa wanagomba, wanasema nesi ananichelewesha, nipe dawa niende. Lakini wale ambao homa yao haikuwa malaria ndio waliopona kwa kupimwa, maana ugonjwa wao wa kweli ulitafutwa. "Gari na mtu," akasema, "vyote vinaumwa kwa sababu. Ukiua homa hujaua ugonjwa."

Na mimi mwandishi nisijifanye msafi. Ni mara ngapi tunaandika "imedaiwa" na kuondoka? Ni mara ngapi tunabadilisha kichwa cha habari badala ya kwenda kupima habari yenyewe? Siku ile ya gereji nilikuwa nawahi habari ambayo nilikuwa nimeongea na mtu mmoja tu. Nilipofika ofisini nilipiga simu ya pili. Habari ikawa tofauti na nilivyodhani. Nilimshukuru mzee wa mwembeni kimoyomoyo.

Sitaki kuwaonea mafundi. Wengi walijifunza kwa kuangalia, kwa njaa, tangu wadogo, na wanatengeneza magari ambayo vitabu vyake ni vya Kijapani. Hilo ni la kuheshimu. VETA ina mafunzo ya umeme wa magari, na ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunza mtaani. Ningependa kila anayefungua usukani afundishwe mambo matatu tu kuhusu eabegi: chomoa betri na usubiri, usitie mita kwenye plagi ya njano, usiache usukani huru. Si somo la mwaka mzima. Ni la asubuhi moja.

Ila kuna jambo ambalo sitalitetea hata kidogo, nalo ni kuizima taa. Kuna wanaochomoa balbu. Kuna wanaoiunganisha na taa nyingine ili ionekane inawaka na kuzima kama kawaida. Kuna wanaochomeka kizuizi kidogo cha umeme mahali pa eabegi ili kompyuta ya gari idanganyike kuwa eabegi ipo. Huo si ufundi, ni kumwekea mtu mtego. Anayenunua gari hilo baada yako hatajua mpaka siku ya ajali, na siku hiyo hakuna wa kumuuliza.

Na kwa kuwa nimetaja eabegi, mwenye gari la Kijapani la zamani akumbuke pia habari ya Takata. Ile kampuni ya Japani ilitengeneza eabegi za magari ya kampuni nyingi, zikiwemo Honda na Toyota, na baruti iliyokuwa ndani iliharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi. Zikawa zikifunguka zinarusha vipande vya chuma, watu wakapoteza maisha. Magari yakaitwa kurudishwa kwa mamilioni, na mwaka 2017 Takata ikafilisika. Sasa gari lililouzwa mtumba nje ya nchi yake, ni nani alilifuata kuliambia lirudi? Joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa ya pwani yetu. Watengenezaji wengi wana kurasa za kuangalia kwa namba ya chesisi. Ingiza yako, ni bure.

Kwa ambaye vitufe vyake vimeanza kugoma leo, mzee alinipa mpangilio huu nami nawapa. Kimekufa kitufe kimoja tu, shuku kitufe. Vinafanya kazi lakini vinachanganya kazi, shuku uchafu au redio iliyoingizwa vibaya. Vimekufa vyote mara tu baada ya kubadilisha redio, shuku maunganisho ya redio. Vinagoma ukikata kona, au vimekufa pamoja na honi au taa ya eabegi, acha habari ya redio kabisa. Shuku utepe, na umtafute anayeuliza maswali.

Sisi tulipata spairo kebo ya namba ileile kwa 120,000. Mzee aliipima kabla hatujalipa, akaikalisha katikati, tairi zikiwa zimenyooka, akarudisha kila kitu ndipo akaunganisha betri. Taa nyekundu ikawaka, ikakaa sekunde chache, ikazimika yenyewe. Vitufe vikarudi. Mama mdogo akapiga honi mara tatu barabarani kama bibi harusi.

Kesho asubuhi ukiwasha gari lako, kabla hujatia gia, angalia ile taa ya mtu na duara. Inatakiwa iwake kisha izime, kwa Toyota nyingi baada ya kama sekunde sita. Ikibaki inawaka, kuna ugonjwa. Ikiwa haiwaki kabisa, huenda kuna mtu aliwahi kuifunga mdomo. Muulize aliyekuuzia.

Naomba kuwasilisha. Mwenye fundi anayepima kabla ya kuuza spea atuambie alipo, tumpelekee wateja.